Kupima wanafunzi wa chuo kikuu wanaamini nini kuhusu kujifunza lugha ya kigeni: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Mombasa

Kuna kijana mmoja alikuwa darasani kwangu la Kijerumani, mtu wa Kisauni, Kiswahili chake cha nyumbani, Kigiriama cha kwa mamake, Kiingereza cha shule na Kiarabu alichokianza mdogo, yaani lugha nne ashazibeba kichwani, alafu wiki ya tano akanijia akaniambia mwalimu mimi naacha, sina kichwa cha lugha. Siku ile nilikosa la kumjibu. Lakini ndo siku nilianza kuichukulia hii mada kwa uzito, manake kilichomtoa darasani si der, die, das wala si mtihani, ni kitu alichokiamini kuhusu yeye mwenyewe na kuhusu lugha zinavyosomwa, na mimi mwalimu wake wiki tano zote sikuwahi kumuuliza.

Kwa hivo huu mwongozo ni wako wewe unayefundisha Kifaransa, Kijerumani, Kichina, Kiarabu, lugha yoyote, au wewe mwanafunzi unayeandika tasnifu na supavaiza ashakwambia nenda kapime imani za wanafunzi na hukujua uanzie wapi. Pesa nyingi hazitakiwi. Karatasi, laptopu, wanafunzi wenyewe, na subira.

Hatua ya 1: Jua unachokipima, na usichokipima

Watu wengi wanachanganya hapa. Imani ni kile mtu anachokishika kuwa ndo kweli, mfano "watoto hujifunza lugha upesi kuliko watu wazima" au "bila kwenda Ufaransa Kifaransa hakiingii". Woga ni kitu chengine, hamu ni kitu chengine, na uwezo wa kuongea pia ni kitu chengine. Ikiwa unataka kupima woga wa darasani kuna kipimo chake kabisa, FLCAS (Foreign Language Classroom Anxiety Scale), sentensi 33, kilitoka 1986. Wewe unataka imani, na kipimo kilichotumika sana duniani kwa imani ni BALLI (Beliefs About Language Learning Inventory), yaani orodha ya sentensi kuhusu kujifunza lugha.

BALLI aliitengeneza Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, Marekani. Mwaka 1985 alitoa ya walimu yenye sentensi 27, baadaye ikaja ya wanafunzi yenye sentensi 34, na 1988 akachapisha utafiti wake wa wanafunzi wa mwanzo wa Kijerumani, Kifaransa na Kihispania hapo hapo chuoni kwake. Sentensi zake zinagusa mambo matano: kipaji cha lugha, ugumu wa lugha, kujifunza lugha ni kitu cha namna gani, mbinu za kujifunza na kuwasiliana, na mwisho hamu na matarajio ya mtu. Mwanafunzi anasoma sentensi anasema anakubali kiasi gani, ngazi tano. Mbili tu ndo zina majibu ya aina yake: moja inauliza lugha unayosoma ni ngumu kiasi gani, nyengine inauliza mtu akisoma saa moja kwa siku itamchukua muda gani kuongea vizuri, na hii ya saa moja kwa siku ndo naipenda kushinda zote, nitairudia mbele.

Ukiitumia mtaje mwenyewe, na kama unaibadilisha sema umebadilisha wapi.

Hatua ya 2: Chagua sentensi, alafu sikiza watu wako kabla hujafunga orodha

Usizibebe zote 34 kama zilivyo ukazimwaga kwa wanafunzi wa Tudor au Kilifi. Moja inazungumzia kufanya mazoezi na kaseti, na mtoto aliyezaliwa juzi kaseti haijui, weka simu au YouTube. Nyengine inasema anayejua lugha moja ya kigeni atajifunza nyengine kwa urahisi, na hapa kwetu ni nani asiyejua lugha tatu, wote watakubali, na sentensi ambayo wote wanaijibu sawa haikupi cha kulinganisha. Sisemi uitoe, bali ujue mapema itakupa nini.

Kisha kaa na wanafunzi kama kumi hivi, nje ya darasa, penye kivuli na kahawa kama ipo, uwaulize swali moja tu la wazi: unadhani kwa nini mtu hushika lugha na mwengine hashiki? Nyamaza uwaache waseme. Hapa ndo utapata imani za pwani ambazo Texas hazikuwa. Mimi nilisikia kwamba Kifaransa ni lugha ya wasichana, kwamba aliyesoma Qur'ani Kiarabu kwake mteremko, na moja iliyonikaa sana, kwamba lugha ya mgeni haisomwi, inaokotwa. Ukimuuliza anakupa ushahidi, atakwambia tazama vijana wa Malindi na Watamu wanavyozungumza Kiitaliano, au wa Diani na Kijerumani chao, kuna aliyekaa darasani pale? Wameipata ufuoni kwa kuongea na watalii. Na ni kweli wameipata. Sasa mwanafunzi anayeamini hivo atalifanyaje zoezi lako la nyumbani? Ataliona la kupoteza wakati. Kwa hivo niliongeza sentensi: "Lugha ya kigeni mtu huishika kwa kuongea na wageni kuliko kwa kukaa darasani." Sentensi kama hizi nne tano za kwenu zitakupa faida kuliko kumi za kuazima.

Hatua ya 3: Tafsiri, na hapa usikimbie

Utaniuliza kwani lazima itafsiriwe, si wanasoma chuo kikuu kwa Kiingereza? Wanasoma, ndiyo. Lakini imani hizi hazikuzaliwa kwa Kiingereza, zilizaliwa kwa shangazi aliyesema mtoto huyu ulimi wake mzito. Mtu akiulizwa kwa Kiingereza anajibu kama mtahiniwa, anatafuta jibu la mwalimu. Ndo manake mimi nasisitiza Kiswahili, na asiyetaka apewe ya Kiingereza, ila uandike kwenye data amejaza ipi.

Utaratibu unaojulikana ni huu, mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwengine ambaye hajaiona ya asili airudishe Kiingereza, alafu mkae mulinganishe pale zilipoachana. Richard Brislin aliuandikia mwaka 1970 na mpaka leo ndo unaotumika. Ni mzuri, lakini hautoshi, kwa sababu neno linaweza kwenda na kurudi salama huku mwanafunzi wa Majengo analisoma kivyengine kabisa. Niwape yaliyonikuta.

La kwanza ni neno lenyewe imani. Niliandika juu ya fomu "Imani za wanafunzi", mtu wa kwanza kuipokea akaniuliza mwalimu, haya ni mambo ya dini? Na ana haki, imani mjini kwetu ni dini kwanza. Sasa naandika juu "Unavyoona wewe kuhusu kujifunza lugha", neno imani nimelibakisha kwenye tasnifu tu.

La pili, chuo. Nilikuwa na swali "Umesoma lugha hii chuoni kwa muda gani?" nikitaka muhula mmoja au miwili. Wanafunzi wa Kiarabu wakaniandikia miaka tisa, miaka kumi. Kwa Mswahili wa Mombasa chuo ni pale alipokwenda na juzuu yake akiwa na miaka mitano! Andika chuo kikuu, neno zima, kila mahali, alafu uliza la madrasa mbali, manake hilo nalo unalihitaji: mtu anayesoma Kiarabu akiwa ashajua kusoma herufi zake si mwanzo sawa na anayeziona leo, hata kama maana ya alichokuwa akikisoma hajui.

La tatu ni neno haya. Kuna sentensi ya kuhusu kuona soni kuongea lugha mbele ya watu. Nikaandika "Naona haya kuongea Kifaransa mbele ya watu". Wasichana wengi wakakubali, nami nikafikiri nimepata tatizo kubwa la woga. Nilipowauliza uso kwa uso mmoja akanambia ticha, haya si ndo sifa ya mwanamke? Pale nikaelewa alikuwa akijibu kuhusu tabia yake njema, Kifaransa hakikuwemo. Nikabadilisha: "Nikitakiwa kuongea Kifaransa mbele ya watu ulimi unakuwa mzito." Majibu yakawa mengine.

Na ziko nyengine ndogondogo. "Wenyeji" usilitumie kwa wazungumzaji wa asili, mwenyeji hapa ni mtu wa Mombasa, sema "Wajerumani wenyewe". "Kubahatisha" kwa neno usilolijua linanuka kamari na mtihani wa kuchagua jibu, "kukisia" ni bora. "Watu wa nchi yangu ni hodari wa lugha", watauliza nchi ni Kenya au ni sisi wa pwani, amua kabla hawajauliza. "Lafudhi nzuri" na "matamshi sahihi" si kitu kimoja, chagua moja.

Hatari kubwa kushinda zote ni sentensi ya kukanusha. "Hufai kusema kitu mpaka uweze kukisema sawasawa", alafu jibu ni "sikubali". Sikubali kwamba sifai? Mtu aliyechoka saa nane mchana na joto la Mombasa atajaza kinyume cha anachoamini. Igeuze iwe ya kukubali: "Ni bora kunyamaza mpaka uweze kulisema jambo sawasawa." Ni sentensi moja lakini kwangu ndo kiini cha hojaji yote, manake anayeiamini hii atakaa kimya muhula mzima na mwalimu atasema hana bidii.

Hatua ya 4: Majibu matano

Mimi natumia nakubali kabisa, nakubali, sina upande, sikubali, sikubali kabisa. Ile ya katikati usiandike "sijui", anayesema sijui hakusoma swali au hakulielewa, na asiye na upande amelielewa vizuri ila hajaamua. Kama unawataka wa sijui pia wape kisanduku chao pembeni.

Angalia na namba. Kwenye BALLI ya Horwitz 1 ni kukubali kabisa na 5 ni kukataa kabisa. Watafiti wengi waliofuata waligeuza, 5 ikawa ndo kukubali. Zote sawa, lakini ukichukua wastani wako ukaulinganisha na wa mtu aliyehesabu kinyume utaandika uongo bila kujua. Amua, uandike juu ya kila jedwali.

Jambo jengine, sisi ni watu wa kuitikia. Mgeni akisema neno tunasema naam, ndiyo, sawa, ni adabu tu. Kwenye fomu adabu hiyo inakuwa safu ndefu ya "nakubali" kutoka juu mpaka chini. Ndo maana uweke sentensi zinazopingana humo ndani, mbali mbali, mfano "kila mtu anaweza kujifunza lugha ya kigeni" na huko chini "asiyezaliwa na kipaji cha lugha ajaribu kitu chengine". Aliyekubali zote mbili kabisa pamoja na zote zilizo katikati, fomu yake itazame mara mbili.

Hatua ya 5: Jaribu kwa wachache

Wanafunzi ishirini thelathini ambao hutawatumia kwenye utafiti wenyewe. Lakini kabla yao chukua watano tu, ukae na mmoja mmoja, asome sentensi kwa sauti alafu akwambie kwa maneno yake inauliza nini na kwa nini amejibu vile. Usimsahihishe. Dakika arubaini na mtu mmoja zilinifunza kuhusu fomu yangu kuliko thelathini waliojaza kimya, yale ya haya na chuo ningeyajua huku mwanzo kama ningefanya hivi, nami niliyajua nishatoa fotokopi zote.

Pima na muda. Ikizidi dakika kumi na tano ni ndefu, punguza.

Hatua ya 6: Ruhusa

Hii fupi lakini usiiruke. Utafiti wa tasnifu unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya mambo ya sayansi na utafiti, leseni unaiomba mtandaoni, na anza mapema kabisa manake kuna kungoja. Ukiwa mwalimu unayetaka tu kulijua darasa lako, ongea na mkuu wa idara. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya 2019, kwa hivo usichukue jina wala namba ya usajili kama huihitaji, waambie data itakaa wapi na nani ataiona, na waambie wazi kwamba kukataa hakutagusa alama zao. Kama wewe ndo unayewasahihishia mtihani, mpe mwenzako agawe fomu na wewe utoke nje ya chumba. Mwanafunzi hawezi kuandika "sarufi haina maana" ukiwa umemsimamia kichwani.

Hatua ya 7: Watu wangapi, na lini

Ikiwa wanafunzi wa lugha idarani kwako ni sitini, chukua wote, usijisumbue na fomula. Wakiwa wengi kuna hesabu rahisi ya Yamane ya kujua uchukue wangapi, gawanya idadi yote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara 0.0025. Wakiwa 240: 240 mara 0.0025 ni 0.6, ongeza 1 ni 1.6, 240 gawa 1.6 ni 150. Hao 150 usiwachukue wale wa viti vya mbele tu. Chukua kila lugha kwa kiasi chake, mwaka wa kwanza na wa mwisho, wa asubuhi na wale wa jioni wanaotoka kazini.

Na wale walioacha je? Hapa utafiti mwingi unakosea na inaniuma. Ukipima wiki ya kumi unapima waliobaki, na waliobaki ndo wale ambao imani yao haikuwatoa. Yule kijana wangu wa Kisauni asingeonekana popote. Pima wiki ya kwanza au ya pili, alafu tena mwisho wa muhula, kila mtu na alama yake ya siri anayoikumbuka mwenyewe, mfano herufi mbili za jina la mamake na tarehe aliyozaliwa bila mwaka, uweze kuziunganisha fomu mbili bila kumjua ni nani.

Siku nazo zina maana. Ijumaa adhuhuri usijaribu, nusu ya darasa iko msikitini. Mwezi wa Ramadhani peleka asubuhi. Jioni sana wa ng'ambo wana haraka ya feri ya Likoni, watajaza mbio mbio. Mimi saa nne asubuhi katikati ya wiki ndo wakati wangu.

Karatasi au simu? Google Forms ni rahisi na data inakuja ishapangwa, KoboToolbox inajazwa hata bila mtandao na ikatumwa baadaye. Lakini linki ukiitupa kwenye grupu la WhatsApp watajibu marafiki zako na wapenda lugha, wale ambao imani zao ndo unazitafuta hawatafungua. Jaziwe darasani, iwe simu iwe karatasi, na asiye na bando apewe karatasi.

Hatua ya 8: Kuingiza na kusoma namba

Kila fomu ipe namba kwa peni pale juu kabla hujaanza kuingiza, ili ukiona kitu cha ajabu kwenye laptopu uweze kuirudia karatasi yenyewe. Mstari mmoja wa kulala ni mtu mmoja, kila sentensi na safu yake ya kwenda chini. Jibu lililoachwa wazi liandikie 99 na uiambie programu 99 si jibu, manake ukisahau wastani wako utaruka mpaka ushangae. Kama huna SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, usihangaike, Jamovi na JASP ni za bure na zinatosha, hata Excel kwa mengi.

Sasa nataka mnisikize vizuri. Usijumlishe. BALLI haikutengenezwa itoe alama moja ya mtu. Mimi nilijumlisha, nikapata kila mwanafunzi na namba yake, nikapiga na alfa ya Cronbach kwa sentensi zote kwa pamoja, ikaja chini, msahihishaji akairudisha kazi akasema kipimo hakiaminiki, nami nikakesha wiki mbili nikifuta sentensi nzuri ili alfa ipande. Makosa yalikuwa kabla ya hapo. Alfa inauliza kama sentensi zote zinapima kitu kimoja, na hizi hazipimi kitu kimoja. Mtu anaweza kukubali kwamba wako wenye kipaji, na akakubali pia kwamba kila mtu anaweza kujifunza, na akawa na akili timamu, ni vitu viwili. Chukua wanafunzi wawili, tuseme wote wamepata jumla 68. Mmoja anaamini sarufi ndo kila kitu lakini haogopi kukosea, wa pili sarufi haijali lakini hafungui mdomo mpaka ahakikishe. Jumla ni ile ile na dawa zao mbali mbali kabisa. Ile 68 inakwambia nini? Haikwambii kitu.

Kwa hivo soma sentensi moja moja. Asilimia ngapi wamekubali, unaunganisha nakubali na nakubali kabisa, ngapi hawana upande, ngapi wamekataa. Ukitaka namba moja ya kila sentensi tumia mediani, ile inayokaa katikati ukipanga majibu yote kwa mstari. Alafu tafuta sentensi zinazotembea pamoja: wanaosema ni bora kunyamaza, ni hao hao wanaosema ulimi unakuwa mzito? Ni hao hao wanaosema makosa ya mwanzo yakiachwa hayatoki tena? Hapo unaanza kuona mtu.

Kulinganisha makundi mawili, mfano waliopita madrasa na ambao hawakupita, jaribio la takwimu la Mann-Whitney linatosha, makundi matatu ni la Kruskal-Wallis. Jihadhari na kitu kimoja, ukipima sentensi 34 kwa kiwango cha 0.05, yaani unakubali kudanganywa na bahati mara tano kwa mia, kama mbili hivi zitaonekana na tofauti kwa bahati tu, kwa sababu 34 mara 0.05 ni 1.7. Usiziparamie hizo mbili ukaziandikia sura nzima. Gawanya 0.05 kwa 34 upate 0.0015, zenye namba ya p (ile programu inayokupa kwa kila jaribio) iliyo chini ya hapo ndo zizungumzie kwa kujiamini, zilizobaki zitaje kwa upole.

Hatua ya 9: Rudi uongee nao

Namba zitakwambia wangapi, sababu huzipati. Chagua sita au wanane, usichague waongeaji tu, mchague na aliyejaza "sina upande" kila mahali. Omba ruhusa ya kurekodi. Na kabla ya maswali mpe sentensi amalizie: "Kujifunza Kijerumani ni kama ... kwa sababu ..." Hii ni mbinu inayotumika kwengine pia, na kwa Waswahili inafanya kazi sana manake tumezoea kusema kwa mfano. Mmoja aliniandikia ni kama kukwea mnazi, ukitazama chini umekwisha. Mwengine kama kusukuma mkokoteni wa maji kupanda mlima, ukipumzika kidogo unarudi ulipotoka. Mwengine kama kungoja feri, utavuka tu, wewe kaa foleni. Hawa watatu kwenye fomu walikuwa wote wamejaza "nakubali" kwamba lugha ni ngumu. Lakini wa mnazi anaogopa kuanguka, wa mkokoteni amechoka, na wa feri hana wasiwasi wowote.

Hatua ya 10: Wapelekee matokeo

Usiyafungie kwenye tasnifu. Rudi darasani uandike ubaoni asilimia za sentensi tano sita uwaulize wanaonaje. Anza na ile ya saa moja kwa siku. Huenda wako waliosema chini ya mwaka mmoja. Hapo waoneshe hesabu: taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao, Foreign Service Institute, iliwahi kukadiria Mmarekani anahitaji saa za darasani kama 600 mpaka 750 kwa Kifaransa, Kiswahili chetu 900, na Kiarabu au Kichina 2200. Saa moja kila siku bila kukosa, 750 ni zaidi ya miaka miwili, 2200 ni miaka sita. Waambie pia hizo ni za watu ambao lugha ya mama yao ni Kiingereza na wanasoma kutwa, mwenye madrasa nyuma yake hesabu yake ya Kiarabu itakuwa nyengine. Lakini mtu aliyejua kwamba ni miaka miwili, akifika mwezi wa nne hajui kitu hasemi tena sina kichwa cha lugha, anasema bado mapema.

Siku nilipofanya hivi mara ya kwanza msichana mmoja wa nyuma alinyanyua mkono, wiki nane sikuwahi kuisikia sauti yake, akauliza kwa hivo mwalimu hawa wote walioandika ni bora kunyamaza, wamo humu humu darasani? Nikamwambia wamo, zaidi ya nusu yenu. Akageuka akawatazama wenzake. Fomu za mwisho wa muhula zikiingia, iangalie sentensi hiyo kabla ya nyengine zote.